Kabla hamjasaini: barua ya wazi kutoka Tabora kwa wanaonunua magazeti

Waheshimiwa wamiliki, wenyeviti wa bodi, na ninyi mawakili mnaoandika mikataba ya mauziano,

Salaam.

Tunaoandika barua hii ni waandishi wa mikoani, wahariri wasaidizi waliostaafu na mawakala wa magazeti wa Tabora Mjini, Urambo, Kaliua na Kigoma Ujiji. Hatuna hisa popote, wala hatuji kuwaambia nani anunue gazeti na nani asinunue. Fedha ni zenu, na Tume ya Ushindani ipo. Tumekuja na jambo moja. Gazeti linapouzwa kila kitu huhesabiwa: mtambo, magari, kompyuta, hadi viti vya mapokezi hubandikwa namba. Mhariri huachiwa ahadi. Siku ya kutambulishwa, mmiliki mpya husimama mbele ya wafanyakazi akasema mhariri atakuwa huru, makofi yakapigwa, soda zikanywewa, basi. Hakuna anayeuliza uhuru huo umeandikwa kwenye karatasi ipi na nani ameitia sahihi.

Sisi tunasema uhuru wa mhariri unakaa kwenye karatasi za kawaida kabisa, zile zinazoshikwa na mhasibu na afisa utumishi. Zikikosewa siku ya mauziano, ushujaa wa mhariri hauzirekebishi baadaye.

Tuanzie nyumbani. Tanganyika Standard lilianza 1930. Lilipotaifishwa tarehe 5 Februari 1970 lilikuwa mikononi mwa Lonrho, kampuni ya Uingereza. Rais Nyerere akawa Mhariri Mkuu kwa cheo, na kazi ya kila siku akapewa Frene Ginwala wa Afrika Kusini. Ukurasa wa kwanza ukabeba tamko la Rais kwamba gazeti litaunga mkono siasa ya nchi, lakini litakuwa huru kukosoa makosa. Tamko lilikuwa zuri, na tunaamini lilitoka moyoni. Mwaka uliofuata tahariri moja ikaulaani utawala wa Nimeiri wa Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti, na Ginwala akaondolewa. Aprili 1972 gazeti hilo likaunganishwa na The Nationalist la TANU, likazaliwa Daily News, na kiti akakikalia Benjamin Mkapa, aliyekuwa akihariri The Nationalist. Mwaka 1974 naye akaitwa kuwa mwandishi wa habari wa Rais. Yaliyompata kila mmoja baadaye mnayajua: Ginwala akawa Spika wa Bunge la Afrika Kusini, Mkapa akawa Rais wetu. Lakini tazameni tamko lile la 1970. Aliyetoa ahadi ndiye aliyekuwa mwenye kiti cha juu, na ndiye aliyebaki kuamua kama ahadi imevunjwa. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kupelekewa shauri.

Lonrho hawakuishia hapo. Mwaka 1981 walinunua The Observer, gazeti la Jumapili la London, wakamkuta mhariri Donald Trelford, aliyeshika kiti tangu 1975. Huyu ndiye tunayetaka mumsome vizuri, maana alihariri gazeti moja chini ya familia ya Astor, kisha chini ya kampuni ya mafuta ya Kimarekani, kisha chini ya Lonrho, akaondoka 1993 liliponunuliwa na The Guardian. Miaka 18, wenye mali watatu. Aprili 1984 alikwenda mwenyewe Zimbabwe akaandika habari za mauaji ya raia Matabeleland. Tiny Rowland, mkuu wa Lonrho, alikuwa na biashara kubwa nchini humo. Akamwomba radhi Mugabe, akamkana mhariri wake hadharani, akaanza kuzungumzia kuliuza gazeti. Trelford alibaki kazini. Ujasiri alikuwa nao, lakini kilichomwokoa ni kwamba ununuzi wa 1981 ulipitishwa kwa sharti la kuwapo wakurugenzi huru, wasio watu wa mwenye mali, na mhariri alikuwa na haki ya kuwapelekea shauri. Alipeleka, wakasimama upande wake.

Sasa upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Tarehe 30 Machi 1989, siku ya Alhamisi, gazeti hilo la Jumapili lilitoa toleo maalumu la kurasa 16, likiwa na sehemu za ripoti ya serikali kuhusu wamiliki wa Harrods, duka ambalo Rowland alikuwa akiligombea kwa miaka na ndugu wa Al-Fayed. Mhariri ni yuleyule, na wakurugenzi huru walikuwapo. Wakurugenzi wa namna hiyo wanaweza kuzuia stori isiuawe. Stori inayochapwa kwa sababu mwenye mali anaitaka hawana dawa nayo. Hiyo inahitaji karatasi nyingine, tutaifikia. (Ginwala na Trelford walifariki mwezi mmoja, Januari 2023. Hatujui wangezungumza nini wangekutana, lakini jina la Lonrho lisingekosekana.)

Kuna kosa la tatu, na hili ndilo mawakili wenu hulirudia zaidi. Rupert Murdoch aliponunua The Times na The Sunday Times mwaka huohuo wa 1981, aliweka sahihi kwamba mhariri hataondolewa bila ridhaa ya wakurugenzi huru. Harold Evans, aliyeihariri The Sunday Times tangu 1967, akahamishiwa The Times. Machi 1982 akawa nje. Hakufukuzwa, alijiuzulu baada ya shinikizo, na kifungu kilizungumzia kufukuzwa. Mwaka 2007 mambo yakawa vilevile Marekani: Murdoch alinunua kampuni inayotoa The Wall Street Journal, ikaundwa kamati maalumu ya kulinda uhariri, na Aprili 2008 mhariri Marcus Brauchli akajiuzulu. Kamati ikalalamika kwamba imeletewa taarifa mambo yakiwa yamekwisha. Kamati ipo, kifungu kipo, na mhariri ameshaondoka.

Kwa hiyo tuje kwenye karatasi zenyewe.

Kwanza mjue mnanunua nini. Mkinunua hisa, mwajiri ni kampuni ileile. Mkataba wa mhariri unaendelea na miaka yake ya utumishi inaendelea kuhesabiwa. Mkinunua jina la gazeti, mtambo na orodha ya wateja bila kununua kampuni, mhariri anabaki kule nyuma na kampuni tupu kama ganda la muwa, na kwenu anaingia mgeni: muda wa majaribio, utumishi sifuri. Mhariri wa miaka 15 aliye kwenye majaribio ya miezi sita hawezi kuwaambia hapana. Hata kama hamkukusudia hivyo, ndivyo inavyokuwa. Dawa yake ni sentensi moja katika mkataba wa mauziano: utumishi wa nyuma unatambuliwa na hakuna majaribio.

Pili, msiegemee sheria ya kazi kana kwamba inamlinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimtofautishi mhariri na karani wa stoo. Anayelipwa kwa mwezi ana notisi isiyopungua siku 28. Malipo ya kuachishwa ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na hesabu inagota kwenye miaka 10. Pigeni wenyewe: siku 70, awe amekaa miaka 10 au 25. Kwa mwenye uwezo wa kununua gazeti, hiyo ni bei ndogo sana ya kujiondolea kero. Akijiuzulu, hata hizo hana, isipokuwa aithibitishie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwamba mwajiri ndiye aliyeifanya kazi isivumilike. Na shauri la kuachishwa hupelekwa ndani ya siku 30. Mhariri anayekaa akisubiri simu ya maridhiano, siku hizo humpita hivihivi.

Ndiyo maana tunataka kifungu kisiishie kwenye neno "kufukuzwa". Kiandikwe kwamba mhariri atahesabiwa ameondolewa akiachishwa, akijiuzulu kwa maandishi yenye malalamiko, akihamishiwa "ushauri wa bodi", akiwekewa mtu juu yake mwenye kauli ya mwisho kwenye kurasa, au bajeti ya chumba cha habari ikipunguzwa kwa zaidi ya moja ya tano katikati ya mwaka bila yeye kukubali. Hilo la kuwekewa mtu juu limekuwa mtindo. Mhariri haguswi, mshahara haupungui, ila Jumatatu moja anakuja Mkurugenzi wa Maudhui. Kuanzia hapo mhariri ni mhakiki wa nukta na mkato.

Wa kupelekewa shauri wawe wadhamini watatu: mwanasheria, mhariri mstaafu asiyetoka kwenye kampuni yenu, na mtu mmoja wa nje ya Dar es Salaam. Muda wao uwe miaka mitano, usioongezwa, ili wasiombe huruma yenu mwaka wa nne. Posho yao ya mwaka ilipwe mwanzoni mwa mwaka, yote, maana mdhamini anayedai hana meno. Mhariri awaandikie ndani ya siku 7, wao wajibu ndani ya siku 14, na jibu lichapwe ndani ya gazeti lenyewe. Notisi ya pande zote mbili iwe miezi sita. Azimio la Dar es Salaam la 2011 kuhusu uhuru na uwajibikaji wa uhariri lipo tayari. Si sheria, lakini likiambatishwa kwenye mkataba wa mhariri linafunga kama kifungu kingine chochote. Kulinakili hakulipiwi hata shilingi.

Halafu bajeti. Evans alilalamika baadaye kwamba hakupewa hata bajeti ya kuitazama, huku akilaumiwa kwa matumizi. Hapa kwetu ugonjwa ni huohuo kwa sura nyingine: mhariri ana cheo, lakini kila safari ya Kigoma inapita kwa meneja fedha, na meneja fedha hujibu siku ambayo habari imeshaoza. Mhariri apewe kwa kila robo mwaka fungu lenye vichwa vilivyotajwa: malipo ya waandishi wa mikoani, usafiri, picha, vifurushi vya simu, mwanasheria wa kusoma stori kabla ya kuchapwa, na idadi ya kurasa za habari. Ahamishe fedha kutoka kichwa kimoja kwenda kingine bila kuomba ruhusa. Atoe hesabu mwishoni mwa robo.

Kurasa tumeziweka kwenye bajeti makusudi, na hapa itabidi tuwapeleke kiwandani kidogo.

Gazeti la tabloidi haliongezwi wala kupunguzwa ukurasa mmoja. Karatasi moja iliyokunjwa ni kurasa nne, basi gazeti huenda kwa nne nne: 24, 28, 32. Katika gazeti la kurasa 32, kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi ukizijumlisha namba zake lazima upate 33: ukurasa wa 1 na wa 32, wa 7 na wa 26, wa 12 na wa 21. Mtambo ambao bamba moja (sahani ya chuma ya kuchapia) linabeba kurasa hizo mbili, upande wa rangi nyeusi tupu unahitaji bamba 1. Wa rangi kamili unahitaji mabamba 4. Sasa saa 12 jioni meneja wa matangazo anakuja na tangazo la ukurasa mzima, la rangi. Mteja hataki kuwa mbali nyuma, anataka kabla ya katikati. Msanifu kurasa anatafuta upande ambao tayari una rangi asiongeze mabamba 3 mengine. Anaukuta wa 12 na 21. Wa 21 ni michezo, haugusiki, mechi inachezwa usiku. Wa 12 ni mikoa. Mikoa inaanguka. Hakuna aliyekaa kikao cha kuichukia Tabora. Ni hesabu ya mabamba. Lakini ikianguka mara tatu kwa wiki, mwandishi wa Sikonge anajua kazi yake haina bei, na msomaji wa Sikonge anajua hivyohivyo.

Mmiliki mpya anayebana matumizi huanza hapohapo: "tushuke kutoka 32 hadi 28". Anaona karatasi moja tu. Mhariri anaona kurasa nne, na akishatoa za matangazo yaliyolipiwa, za michezo na ya tahariri, zinazobaki za kukatwa ni mikoa, afya na barua za wasomaji. Tunapendekeza mkataba utaje idadi ya chini ya kurasa za habari kwa toleo, na mojawapo iandikwe kwa jina kuwa ya mikoa, isiyouzwa baada ya saa 9 alasiri. Baada ya saa hiyo tangazo lisubiri kesho au lipelekwe nyuma.

Sasa madeni. Hili ndilo linalotuuma kuliko yote, na hatuoni haya kulisema kwa urefu.

Mwandishi wa mkoani kwa kawaida hana mshahara. Hulipwa kwa stori iliyotoka, pengine na kwa picha. Stori hutoka mwezi huu, orodha hujazwa na dawati la mikoa mwezi ujao, malipo huidhinishwa mwezi wa tatu, kama yataidhinishwa. Gazeti linapouzwa, wakaguzi wa mnunuzi huomba vitabu vya madeni. Deni la wino lina ankara. Deni la karatasi lina ankara. Deni la mwandishi wa Kaliua liko kwenye daftari la mhariri wa mikoa, na wakati mwingine kichwani mwake tu. Mkaguzi hawezi kukagua kichwa cha mtu. Ununuzi ukiwa wa hisa, deni lipo kisheria lakini halina ushahidi; ukiwa wa mali, limebaki kwa muuzaji ambaye kesho yake hapokei simu. Kisha anakuja mhasibu mpya na masharti yake: lete mkataba, lete namba ya mlipakodi, lete ankara, tukate kodi ya zuio ya asilimia 5. Masharti ni halali yote. Ila anamwambia hayo mtu aliyetuma stori miaka minane bila karatasi hata moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa.

Na hapo ndipo mhariri anapovunjika mgongo, hata kama kifungu chake cha uhuru ni cha dhahabu. Mwandishi asiyelipwa miezi mitano bado anakula, na wa kumlipa hawakosekani: mkutano wa halmashauri una posho, taasisi ina bahasha, mgombea ana mafuta ya pikipiki. Mkono mtupu haulambwi. Habari zinazomfikia mhariri zinakuwa zimeshalipiwa na mwingine, naye anachuja maji yaliyokwisha kuchafuliwa kisimani. Bahasha ya kaki wilayani inaanzia kwenye daftari la malipo lililokosewa makao makuu.

Kazi yake si ngumu. Siku 30 kabla ya kukabidhiana, mhariri wa mikoa na mhasibu waandae orodha yenye jina la mwandishi, tarehe ya toleo, ukurasa, kichwa cha habari, kiwango na kilicholipwa. Kila mwandishi atumiwe mistari yake aikubali au aipinge ndani ya siku 10. Ushahidi wa kupinga ni toleo lenyewe, na sisi mawakala tunao watu wanaotunza nakala. Jumla yake iingizwe kwenye bei kama deni la kawaida na ilipwe kabla ya jina la mmiliki mpya kuchapwa ukurasa wa pili. Wenzetu waandishi nanyi mna kazi: wekeni daftari lenu, tarehe na ukurasa, kila siku stori inapotoka. Kumbukumbu ya mdomo haifiki mahakamani.

Tuliahidi kufikia karatasi ya kuzuia stori inayochapwa kwa kuwa mwenye mali anaitaka. Hiyo ni karatasi ya maslahi. Mfano wa hapa ndio utakaoeleweka.

Chukueni msimu wa masoko ya tumbaku Urambo. Bei hutajwa kwa dola kwa kilo, marobota hupangwa madaraja, mkulima hupeleka kupitia chama cha msingi na kusubiri fedha. Tuseme malipo yamechelewa. Mwandishi anatuma stori Jumatatu: maneno 450, kauli ya mwenyekiti wa chama, tarehe za kupokelewa marobota, picha mbili. Dawati linauliza, "Mnunuzi umempata?" Swali la haki, anampata, anaongeza aya. Jumanne: "Mwanasheria anaiangalia." Jumatano: kimya. Alhamisi: "Ikae, Jumamosi tutaifanya makala." Jumamosi ukurasa wa 7 una tangazo la kampuni ileile. Jumatatu: "Imepitwa, tafuta fuatilio." Hakuna aliyesema stori isitoke. Hakuna simu, hakuna amri, hakuna ushahidi. Na pengine mhariri mwenyewe hajui kwamba malori yanayobeba tumbaku hiyo ni ya mmiliki wake, kwa jina la kampuni nyingine. Anachojua ni kwamba mara ya mwisho stori ya tumbaku ilipotoka, kikao cha bajeti kilikuwa kibaya.

Karatasi mbili zinatosha. Ya kwanza ni orodha ya maslahi: kampuni zote ambazo mmiliki, mke au mume wake na wajumbe wa bodi wana hisa au ukurugenzi, ikabidhiwe kwa mhariri kabla ya siku ya kwanza na kusahihishwa kila miezi mitatu. Stori yoyote inayogusa kampuni iliyo humo, iwe ya kuisifu au ya kuiponda, iwe na mstari mmoja mwishoni: mmiliki wa gazeti hili ana maslahi katika kampuni hii. Toleo la Harrods lingesomeka vingine kabisa lau kila ukurasa ungebeba mstari huo kwa herufi nene. Karatasi ya pili ni daftari la stori zilizosimama, safu nne tu: stori ipi na ilipokelewa lini, nani amesema isubiri, kwa sababu gani, itaamuliwa tarehe ngapi. Wadhamini walisome kila mwezi. Anayesimamisha stori kwa sababu nzuri haoni tabu kuandika sababu yake. Asiye nayo ataiachia stori kuliko kutia sahihi.

Kuhusu simu za usiku, sisi wa Tabora tuna ushahidi ambao ninyi wa Dar huenda hamjawahi kuufikiria. Toleo la mikoani hufungwa na kuchapwa kwanza, mapema usiku, kwa sababu lina safari ndefu. Toleo la jijini hufungwa baadaye. Mmiliki akipiga simu saa 4 usiku kichwa cha habari kibadilishwe, mabamba ya jijini yanatengenezwa upya, lakini marobota yetu yameshapakiwa. Linalotufikia ni gazeti la kabla ya simu. Zamani hakuna ambaye angejua. Siku hizi nakala ya mtandaoni ni ya toleo la mwisho, na msomaji wa Kigoma, ambaye gazeti la karatasi humfikia limeshalala, anaweka simu pembeni ya karatasi na kulinganisha. Tofauti nyingi ni za haki: matokeo ya mechi, jina lililokosewa, ajali ya usiku. Lakini kichwa kilichosema "Wakulima wadai" kikigeuka "Serikali yaahidi" na aya za chini ni zilezile, hata muuza karanga wa stendi anajua kilichotokea. Ziko dalili nyingine ambazo wakala huziona kabla ya bodi: tahariri kuanza kuzungumzia usafi wa mazingira wiki nzima, ukurasa wa barua kupotea, masahihisho kukoma, na "Na Mwandishi Wetu" kuhamia ukurasa wa kwanza. Stori kubwa isiyo na jina la mtu maana yake kuna mtu amekataa kuweka lake.

Kanuni ya simu iwe fupi. Mmiliki huzungumza na mhariri peke yake. Si mhariri msaidizi, si msanifu kurasa, si mwandishi. Azungumze naye kwenye kikao kimoja cha wiki, mchana. Simu ya baada ya saa 12 jioni kuhusu maudhui iandikwe kwenye daftari lilelile la stori zilizosimama.

Leseni tutaigusa tu. Ni ya mwaka mmoja, na mauziano yakiangukia kipindi cha kuihuisha, gazeti linakuwa na mabwana wawili wanaosubiriana huku muda ukiyoyoma. Pangeni makabidhiano leseni ikiwa bado ina miezi ya kutosha, na mwandike ni nani anayewajibika kuihuisha, ili asije akasingiziwa mhariri.

Tabora si wageni wa wino. Kiongozi, gazeti la Kanisa Katoliki, lilikuwa likichapwa hapa na TMP (Tanganyika Mission Press), kiwanda cha uchapaji cha kanisa, miaka ya 1950, wakati magazeti ya Kiswahili yakihesabika. Hatuandiki kama watu wa kusubiri chochote kinachoshushwa kwenye basi.

Tunachoomba kwenu ni hiki: siku mtakayotangaza ununuzi, chapeni ukurasa wa pili kifungu cha kumwondoa mhariri kama kilivyo kwenye mkataba, majina ya wadhamini watatu, na jumla ya deni la waandishi wa mikoani pamoja na tarehe litakapolipwa. Mshahara wa mhariri hatuutaki, ni siri yake. Mkiyaweka hayo kabla ya saa 2 usiku yatawahi toleo letu.

Wenu,

Waandishi, wahariri wastaafu na mawakala wa magazeti,
Tabora na Kigoma

Nakala: Baraza la Habari Tanzania, Jukwaa la Wahariri Tanzania, klabu za waandishi wa habari za Tabora na Kigoma, mbao zote za magazeti, stendi ya Tabora.